Rangi ya Simba na Ushahidi Tunaoutupa

Kuna mabishano ambayo msomi wa Kitanzania huyapita bila hata kugeuza shingo. Mojawapo ni haya ya rangi za filamu za katuni. Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, watu wazima wenye kazi na familia huko Marekani, Ulaya na Japani wamekuwa wakigombana kuhusu gauni la Cinderella: ni la rangi ya fedha au ni la buluu? Wamekuwa wakigombana kuhusu anga la alfajiri katika The Lion King: lilikuwa jekundu kiasi kile kinachoonekana leo kwenye diski, au limekolezwa? Huweka picha mbili sambamba, moja iliyotoka kwenye mkanda wa sinema na nyingine iliyotoka kwenye DVD, wakabishana hadi jogoo awike. Nimewasikia wanafunzi wangu wakilicheka jambo hili. Nimewasikia watumishi wa umma wakiliita anasa ya walioshiba. Makala haya yanawapinga wote.

Hoja yangu ni moja. Mabishano juu ya rangi ya katuni ni mabishano juu ya ushahidi: nani anao, nani anaweza kuubadilisha, na nani ana haki ya kuomba auone. Jamii inayoyaona kuwa ya kitoto imekwisha kuzoea kuishi bila kumbukumbu zake za asili, na mazoea hayo yanatugharimu sisi Watanzania hivi leo.

Tuanze na filamu yenyewe, kwa kuwa inatuhusu kuliko tunavyokiri. The Lion King ilitoka mwaka 1994. Baadhi ya watengenezaji wake walizuru Kenya mwaka 1991, wakaitazama miamba ya Hell's Gate karibu na Naivasha, na filamu ikatoka na majina yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Michoro ilichorwa kwa mkono kwenye karatasi, kisha ikaingizwa katika kompyuta na kupakwa rangi humo, kwa mfumo ambao Disney waliujenga pamoja na Pixar. Lakini kumbi za sinema za wakati ule zilitumia mkanda. Kwa hiyo kila fremu ilihamishwa kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye mkanda wa milimita 35, na mkanda huo ndio uliosafirishwa na kuoneshwa kwa watu.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Mkanda una kemia yake, na haupokei rangi kama kioo cha kompyuta kinavyozionesha. Wasanii walilijua hilo, wakachagua rangi zao huku wakihesabu kile ambacho mkanda ungezifanyia. Fundi wa kupaka nyumba rangi hufanya vivyo hivyo: haichagui rangi kwa jinsi inavyoonekana mbichi ndani ya ndoo, bali kwa jinsi itakavyokuwa ukutani ikishakauka. Kanda za video za miaka ya 1990 zilinakiliwa kutoka kwenye mkanda, yaani kutoka kwenye ukuta uliokauka. Kisha teknolojia ikabadilika. Mwaka 1999 DVD ya A Bug's Life ilitolewa moja kwa moja kutoka kwenye faili za kompyuta bila kupitia mkanda, na nyingine zikafuata njia hiyo. DVD ya The Lion King ya mwaka 2003 nayo ilirudi kwenye faili. Mashabiki wanadai kwamba wameuziwa ndoo mbichi. Kampuni nayo inaweza kujibu, na si bila sababu, kwamba faili ndiyo asili iliyo safi kuliko zote, isiyo na vumbi wala mikwaruzo.

Ndugu msomaji, naomba utulie hapa kidogo, maana jambo hili linavunja imani moja kubwa ya ofisi zetu. Hii ni filamu ambayo rangi zake zilizaliwa ndani ya kompyuta. Faili zake zilihifadhiwa. Hakuna aliyezipoteza. Na bado watu wenye akili timamu wanabishana juu ya rangi yake ya kweli! Sababu yake ni kwamba faili ni tarakimu, na tarakimu haina rangi mpaka pawepo maelezo ya namna ya kuionesha. Anayeamini kwamba kitu kikishaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali kimehifadhiwa, aitazame kesi hii mara ya pili.

Kesi ya Cinderella inatufundisha upande mwingine. Filamu hiyo ni ya mwaka 1950. Ilipokarabatiwa kwa kompyuta kwa ajili ya DVD ya mwaka 2005, usafishaji ulifanywa kwa bidii kupita kiasi. Pamoja na vumbi na chembechembe za mkanda, baadhi ya mistari ya wachoraji nayo ilifutika, na gauni la rangi ya fedha likaelekea kwenye buluu. Mashabiki walilalamika kwa miaka. Mwaka 2023 Disney wakatoa ukarabati mpya, uliofanywa kutoka kwenye negativu ya asili kwa ushauri wa wachoraji wazoefu, na gauni likarudi kwenye fedha yake. Baina ya filamu na masahihisho hayo ilipita miaka 73. Kosa liliweza kusahihishwa kwa sababu moja tu: katika miaka yote hiyo kulikuwa na negativu iliyotunzwa mahali penye baridi na ukavu, pamoja na watu waliolipwa mshahara ili wailinde.

Huko Japani, DVD ya Spirited Away ya mwaka 2002 ilitoka ikiwa na wekundu uliotanda juu ya picha nzima. Wanunuzi hawakuishia kunung'unika, walifika mahakamani. Blu-ray ya mwaka 2014 ilipotoka, wekundu ule haukuwamo. Unaweza kuwacheka watu wanaokwenda mahakamani kwa ajili ya rangi ya katuni. Mimi nawaonea wivu. Ni raia wanaoamini kwamba mtu aliyepewa dhamana ya kutunza kitu anaweza kuulizwa alikifanyia nini.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili kuliko wataalamu wetu wa mifumo. Kiswahili kina sifa chache tu za rangi zinazosimama zenyewe: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine nyingi tumezitoa kwenye vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Manjano ni kiungo cha mchuzi, na zambarau ni tunda. Kila utajapo mojawapo ya rangi hizo unamwita shahidi aje asimame. Na nenda kwenye gulio lolote wilayani Same ukamtazame mama anayenunua kitenge. Hakubali kukikagua chini ya taa ya dukani. Hukitoa nje, akakitandaza juani, akakigeuza huku na huku, na ndipo bei izungumzwe. Mama huyo hajasoma nadharia yoyote ya rangi, lakini anajua kwamba rangi bila kielelezo na bila mwanga unaoaminika ni maneno ya muuzaji.

Hata hivyo, siwezi kuwatetea mashabiki katika kila wanalodai. Wapo wanaosema kwamba rangi ya kweli ni ile waliyoiona utotoni, basi. Mimi ni mtu wa Gonja, chini ya milima ya Upare, upande unaoitazama Mkomazi, na kizazi changu hakikuiona filamu hii kwenye ukumbi wa sinema. Tuliiona kwenye kibanda umiza, kwa VCD iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala. Picha ya VCD ina nukta 352 kwa 288 tu, na diski moja hubeba kama dakika 74, hivyo filamu ya dakika 88 ilikuja kwa diski mbili na watoto tukasubiri ibadilishwe. Mwenye kibanda alikuwa amepandisha rangi ya televisheni yake ya chogo hadi mwisho, maana wateja walipenda picha iwake. Spika kubwa ilisimama karibu mno na televisheni, na sumaku yake ikaichafua kona moja ya kioo. Kwa hiyo Simba wa utoto wangu alikuwa na rangi ya chungwa katikati ya kioo, na kila alipokimbilia kushoto aligeuka kijani. Nampenda Simba yule. Lakini siwezi kumpeleka mahakamani kama shahidi, na Mmarekani aliyeitazama kanda ya VHS sebuleni kwao naye hawezi.

Hata mkanda wa milimita 35, ambao mashabiki wengine huuabudu, si hakimu asiyekosea. Nakala mbili za filamu moja zinaweza kutofautiana kwa namna zilivyosafishwa maabara. Taa ya projekta ina rangi yake. Rangi za mkanda hufifia kwa umri. Skana inayotumiwa na shabiki nyumbani nayo ina macho yake. Kwa hiyo kampuni haina haki ya kusema "ni hivi kwa sababu ni mali yetu", wala shabiki hana haki ya kusema "ni hivi kwa sababu nakumbuka". Wote wawili wanadaiwa jambo lile lile: leteni kielelezo, mtuoneshe na alichofanyiwa njiani.

Najua mwanaharakati ana swali zito kuliko hayo. Kwa nini tugombee uaminifu wa rangi za Disney, ilhali Disney haikuwa na uaminifu kwa rangi za nchi yetu? Swali ni la haki. Ukisimama Gonja wakati wa kiangazi, nyika ya Mkomazi iliyo mbele yako ni ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi. Udongo wake ni mwekundu, na tembo wanaovuka kutoka Tsavo huuvaa udongo huo hadi wakafanana na matofali ya kuchoma. Mvua za vuli zikinyesha, nyika ile ile hugeuka kijani katika muda wa siku chache. Na huku chini, kwenye mifereji ya Ndungu, mpunga una kijani kingine kabisa. Lakini Afrika inayouzwa duniani ni ya chungwa: machweo ya chungwa, mti mmoja mweusi, basi. Machweo hayo yamekuwa kibandiko cha bara zima, kuanzia kwenye majalada ya riwaya hadi kwenye vipeperushi vya watalii.

Nakubaliana na shutuma hiyo. Ila namwuliza mwanaharakati: utaithibitishaje? Ukitaka kusema kwamba wasanii wa mwaka 1994 walitupaka chungwa, huna budi kwanza kujua ni chungwa kiasi gani walilipaka wao, na ni kiasi gani kiliongezwa na fundi wa diski miaka tisa baadaye. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu namna wageni wanavyoitazama Afrika, huku kielelezo chake ni diski ya mtaani au video iliyokandamizwa kwenye intaneti, huenda anamshtaki mtu ambaye hakutenda kosa. Hata shutuma dhidi ya mwenye nguvu inahitaji nakala sahihi. Tena inaihitaji zaidi, kwa sababu mwenye nguvu ana mawakili.

Tuliona jinsi kielelezo kinavyoipa hoja miguu mwaka 2018, pale zaidi ya watu laki moja walipotia saini kupinga Disney kumiliki maneno "hakuna matata" kama alama ya biashara. Wapingaji waliweza kuonesha kwamba kundi la Them Mushrooms la Kenya lilikwisha kurekodi wimbo wenye maneno hayo mwaka 1982, miaka 12 kabla ya filamu. Rekodi ilikuwepo, na tarehe yake ilikuwepo. Sasa jiulize: lingekuwa shauri la picha, la rangi au la mtindo wa kuchora, tungetoa nini mezani?

Chukua Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, jirani zetu, kisha Dar es Salaam, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama kwenye vibao vya dari kwa rangi za kung'aa za makopo. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972. Mwaka 2010 mtindo wake ukawa katuni: Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa ajili ya televisheni ya watoto ya Uingereza, ikafika hadi kwenye DVD. Mtoto wa leo anazijua rangi hizo kwa njia ya kioo. Akitaka kujua kama ndizo rangi za Tingatinga mwenyewe, itabidi akitafute kibao cha asili, na vibao vingi vya miaka ile ya mwanzo vilinunuliwa na wageni wakaondoka navyo. Katika mabishano hayo, sisi tulioanzisha mtindo tungekaa kwenye viti vya wasikilizaji.

Au chukua filamu zetu za kuigiza. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968. Katika miaka iliyofuata nchi hii ilitoa Fimbo ya Mnyonge, Yomba Yomba, Arusi ya Mariamu. Ni kazi za mkanda, na mkanda hauna huruma. Katika nakala nyingi za rangi za enzi hizo, sayani, ile samawati ya wachapishaji, ndiyo hutangulia kufifia, na picha hubaki na wekundu wa kidonda. Plastiki ya asetati nayo ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kunuka siki, na hakuna hali ya hewa inayoufaa uozo huo kama ile ya pwani yetu. Nani anayebishana leo kuhusu rangi ya kanga katika Arusi ya Mariamu? Hakuna. Na ukimya huo usidhaniwe kuwa ni ukomavu. Ni ukimya wa watu waliokwisha kukata tamaa ya kuonja mchuzi, kwa kuwa chungu hakiko jikoni.

Tulikwisha kuonywa. Vugiri, katika milima ya Usambara, mwendo usio mrefu kutoka Upareni, palikuwa na kituo cha mradi wa filamu kati ya mwaka 1935 na 1937. Zilitengenezwa filamu 35 kwa ajili ya watazamaji wa Kiafrika. Zinazojulikana kubaki zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nazo ziko Uingereza. Ule ulikuwa mradi wa kikoloni, na wakoloni ndio waliopaswa kuutunza. Leo Dar es Salaam inatengeneza katuni zake yenyewe. Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014, na Akili and Me ikafuata. Watoto wa Gonja wanajifunza hesabu na herufi humo, kwa Kiswahili chao. Tukizipoteza hizi, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Mtumishi wa umma ataniambia kwamba hakuna fedha, kwamba zahanati inakuja kwanza. Zahanati ije kwanza. Ninachodai hapa kina gharama ndogo, na vyombo vya kukitekeleza tunavyo. Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ambayo chini yake filamu hukaguliwa na kupangiwa daraja. Tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Tangu mwaka 1975 tuna sheria ya maktaba inayomtaka mchapishaji wa kitabu awasilishe nakala zake kwa taifa. Basi nadai mambo matatu.

La kwanza: filamu ikipelekwa kukaguliwa, nakala yake bora ibaki katika hifadhi ya taifa, pamoja na maelezo ya viwango vya rangi vilivyotumika na fremu chache za kielelezo zilizothibitishwa na msanii mwenyewe. Kujua kama filamu inawafaa watoto ni jambo moja. Kuhakikisha kwamba watoto wa watoto wao wataiona ni jambo jingine. La pili: mradi wowote wa fedha za umma unaohamisha picha, kanda au nyaraka kwenda kwenye mfumo wa kidijitali upigwe marufuku kutupa asili, na kila badiliko, hata la kung'arisha tu, liandikwe: nani, lini, kwa nini. La tatu ni letu wahadhiri: tasnifu inayochambua picha itaje ni nakala ipi iliyotazamwa, ya mwaka gani, kwenye kioo gani, kama vile tunavyodai toleo la kitabu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wale wanaogombana usiku kucha juu ya gauni la Cinderella wana mali na wana daftari. Kinachowasumbua ni mstari mmoja uliofutwa na kuandikwa vibaya. Sisi hata daftari hatujalifungua, na bado tunapata nafasi ya kuwacheka.